Kigoma: Tumeuziwa safari ya Kigali–Bujumbura na mpaka umefungwa tangu Januari 2024!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu kimyakimya.

Tangu turudi nilikuwa nimenyamaza, nikiamini jamaa aliyetuuzia safari atarudisha hela kistaarabu yaishe. Jana nimekuta anatangaza kundi jipya la Desemba kwa karatasi ileile ya ratiba aliyotupa sisi, hata koma hajabadilisha. Hapo uvumilivu ukaisha.

Kwa wasiomjua: kuna mtu hapa Kigoma mjini (jina silitaji, mods msije mkaufuta uzi) anaandaa safari za vijana za begi mgongoni. Mnapanda mabasi ya kawaida, mnalala hosteli na gesti, mnakula kwa mama ntilie. Yeye kazi yake ni kupanga njia, kulipia vyumba mapema na kukata tiketi za nje. Njia yetu ilikuwa Bukoba, Mutukula, Kampala, Ziwa Bunyonyi, Kigali, halafu wiki zote za mwisho Burundi: ngoma za Gishora kule Gitega, chanzo cha Nile cha Rutovu, tukamalizie ufukweni Bujumbura, kisha Mugina, Manyovu, nyumbani. Kwa sisi watu wa mwisho wa reli, njia ya hivyo ni tamu, unaondokea kaskazini unarudi kwa mlango wa nyuma. Nusu ya hela tuliyolipa ilikuwa ya Burundi.

Harufu ya upigaji ilianza Mutukula. Kwenye malipo yake kulikuwa na "ada ya viza", dola 50 kila kichwa. Afisa wa upande wa Uganda akanigongea muhuri, akanirudishia pasi yangu. Nauliza habari ya viza, ananishangaa: "Kwani wewe si Mtanzania?" Hakuna cha viza wala nini! Gatuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, hivyohivyo. Sisi ni Afrika Mashariki, ukiwa na pasi unaingia Uganda na Rwanda bila kulipia viza. Tukampigia simu, akajibu eti iliandikwa vibaya, ni "ada ya usumbufu". Usumbufu wa nani sasa? Tukameza, maana Uganda yenyewe ilikuwa imenoga na hakuna aliyetaka kuharibu safari kwa ugomvi wa simu.

Kigali ndiyo tukajua huyu mtu hajawahi kukanyaga Rwanda. Karatasi yake ilitupangia basi la kwenda Huye, kusini mwa Rwanda, saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jamani! Jumamosi hiyo Rwanda nzima iko kwenye umuganda, watu wanafanya usafi na kazi za mtaa mpaka saa tano, usafiri umesimama. Tumekaa na mabegi kwenye ngazi za hosteli tunatazama wenzetu wanafyeka majani. Na saa zote za karatasi ni za Tanzania, wakati Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto wa darasa la nne anayajua hayo.

Sasa njoo kwenye kiini. Tumefika stendi ya Nyabugogo na kile alichokiita "tiketi ya Bujumbura", yaani picha ya WhatsApp yenye namba imeandikwa kwa kalamu. Dada wa dirishani akaichukua simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole, akamwita mwenzake, wakaitazama wote wawili, wakaanza kucheka. Si kwa dharau, wacheke tu, hata mimi ningecheka. Akaniambia kwa Kiswahili safi: "Kaka, Bujumbura hakuna gari. Burundi wamefunga mpaka tangu Januari." Ni kweli tupu. Burundi iliituhumu Rwanda kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, Rwanda ikakana, na Januari 2024 mipaka ya nchi kavu ikafungwa. Akanyaru, kituo cha mpaka wa Rwanda na Burundi, hapapitiki. Sisi tunazungumzia mwezi wa tisa!

Nampigia mwandaaji, anasema "ngoja nicheki na mtu wangu wa mpakani". Mtu gani, mpaka gani? Jioni akatuma ujumbe wa sauti, ninao mpaka leo: twende Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, tuvuke Bukavu, tushuke na barabara ya Kongo mpaka Uvira, tuingie Bujumbura kwa Gatumba. "Ni karibu tu, wafanyabiashara wanapita." Wakuu, Kivu Kusini! Vikundi vya bunduki vimejaa, na kundi letu lina mabinti wawili ambao wazazi wao wananijua mimi, si yeye. Anasema hivyo amekaa Kigoma anakula mgebuka.

Kwa hiyo zile wiki za mwisho, tulizozisubiri kuliko zote, tumezimalizia Kigali, mji ambao kitanda na chakula vinakula hela kuliko hesabu yetu ilivyoruhusu. Hela zikakata. Tukageuzia Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania. Pale kwenye maporomoko ya Kagera kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaogawana Rwanda, Burundi na Tanzania. Umeme unafika Burundi, sisi na mabegi yetu hatufiki. Toka hapo ni Benako, Lusahunga, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu, basi juu ya basi, mmoja wetu anaumwa tumbo njia nzima. Tukaingia Kigoma usiku, hakuna aliyemwongelesha mwenzake.

Kuna watakaokuja na "mngegoogle kwanza". Sikiliza, hela yote nimempa mtu ili ajue kwa niaba yangu. Tena mtu wa Kigoma! Manyovu ni hapo tu, Warundi wamejaa soko la Mwanga, uliza yeyote anayeuza pale atakuambia mpaka na Rwanda umefungwa na Bujumbura foleni za mafuta ni za kulala. Hakuhitaji intaneti, alihitaji kuvuka barabara.

Kuhusu hela: kila mmoja anadai laki nne na nusu, yaani sehemu ya Burundi na hiyo viza hewa. Vyumba vya Bujumbura alivyosema "vimeshalipiwa" tukaomba risiti. Kimya. Mwanzo alikuwa anajibu "nalifanyia kazi ndugu yangu", sasa hivi ni tiki mbili za bluu na amenitoa kwenye grupu. Nimekwenda ofisini kwake, kijana wa pale kaniambia bosi yuko safarini. Sijui kapita mpaka gani.

Ninachotaka: mliotanguliza hela ya kundi la Desemba msimalizie malipo kwanza, mwambieni awape jina la kampuni ya basi linalotoka Kigali kwenda Bujumbura muipigie wenyewe. Na mliosafiri naye kabla yetu, akawatoza hiyo "ada ya viza", njooni inbox na meseji zenu za muamala. Jumatatu tunakwenda kituoni kufungua jalada, na tukiwa wengi RB (namba ya taarifa polisi) haitakaa kwenye droo.