Nina wani ya 8 ECA, BCom ya uhasibu UDSM nitapata kweli?

Wakuu habari zenu. Matokeo ya form six yametoka, nimepata wani (daraja la kwanza) ya pointi 8, kombi ECA. Biashara B, Uchumi C, Akaunti C, BAM (lile somo la nyongeza la hesabu) nimepata S. Ndoto yangu tangu form two ni BCom (digrii ya biashara) ya uhasibu pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), na sitaki kitu kingine, ila rafiki zangu wana wani ya 4 na ya 5 na wote wanaomba hiyo hiyo. Nimesoma kwenye muongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwamba wanataka pointi 4 tu na mimi nina 8, sasa hofu ya nini? Mama ananiambia niombe na sehemu nyingine. Naombeni ushauri.

Kijana wa Mabibo
Hongera sana dogo. Kwanza nikuweke sawa, hiyo 8 na hiyo 4 si kitu kimoja. 8 ni ya NECTA (Baraza la Mitihani), kule A ni 1, B ni 2, C ni 3, ndogo ndio nzuri. TCU wanahesabu kinyume, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na wanaangalia masomo mawili yanayohusika na kozi. Kwa hiyo wewe una B na C, ni 7 kati ya 10. Sharti umelivuka, lakini rafiki yako mwenye A mbili ana 10 kamili.

Mama Ledja
Hapo ndipo wengi wanapokwama mdogo wangu. Pointi 4 ni ruhusa ya kuomba tu. Fungua muongozo, kila kozi imeandikiwa na idadi ya nafasi zake, sasa waombaji wakizidi nafasi chuo kinaanza na wenye pointi za juu kinashuka mpaka zijae, na kozi hiyo haiombwi na ECA peke yao, EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) wenye hesabu kali wapo pia. Kwa 7 sikukatishi tamaa ila awamu ya kwanza ya kuchagua wanafunzi usiiwekee roho yote. Halafu soma vizuri sharti la hesabu la kozi, wengine wana pointi nyingi wanaachwa kwa sababu hiyo.

Mtu wa Moro
Omba BCom ya rasilimali watu hapo hapo UDSM, ukishaingia unahamia uhasibu, mbona rahisi

Mama Ledja
@Mtu wa Moro tafadhali usimpoteze mtoto wa watu. Kuhama kozi lazima uwe na sifa za kozi unayoenda na nafasi iwepo, na nafasi ikikosekana atakaa miaka 3 kwenye kitu asichokipenda.

Kijana wa Mabibo
Namuunga mkono Mama Ledja. Dogo, maombi siku hizi unapeleka moja kwa moja chuoni, hakuna anayekuzuia kuomba vyuo vingi. Weka UDSM uhasibu chaguo la kwanza, halafu omba Mzumbe, omba na IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), ile iko mjini Dar tangu 1972 na uhasibu ndio nyumbani kwake. CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni ile ile popote utakaposoma, na waajiri wa ukaguzi wanaiulizia hiyo kabla ya kitu kingine. Na hao rafiki zako wenye wani ya 4 wataitwa vyuo viwili vitatu ila watathibitisha kimoja tu, wanapoachia huko kwingine nafasi zinarudi, ndio maana awamu ya pili hata watu wenye 7 wanaweza kupita. Ukikosa ya kwanza usilale.

Muuliza swali
Asanteni sana, kumbe pointi nilikuwa nazichanganya. Mama yangu yuko sahihi, naomba Mzumbe na IFM pia. Je mkopo nisubiri nichaguliwe kwanza?

Mama Ledja
Hapana usisubiri! Bodi ya Mikopo wana dirisha lao la maombi na linafungwa bila kujali chuo kimekuita au la. Cheti chako cha kuzaliwa kipeleke kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) wiki hii hii, na kama mzazi amefariki na cheti cha kifo pia, maana hapo ndipo foleni inapokuwa ndefu. Majina yafanane na ya cheti cha form four herufi kwa herufi.