Naomba ushauri: kipindi gani cha michezo redioni kinaijali Dodoma Jiji?

Ndugu zangu, salamu kwenu. Mimi ni fundi cherehani karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, na redio ndiyo mwenzangu kazini tangu asubuhi hadi ninapofunga ofisi.

Kero yangu ni vipindi vya michezo. Timu yetu ya Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na uwanja wake wa nyumbani, Jamhuri, hauko mbali na hapa nilipo. Lakini wachambuzi wa kipindi ninachokisikiliza hutumia karibu muda wote kubishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, kisha huyasoma matokeo yetu kwa pumzi moja wakati muziki wa kufungia umeshaanza kupanda. Juzi nilisimamisha cherehani makusudi ili nimsikie aliyetufungia bao, na jina halikutajwa. (Nami ni Yanga, msidhani ni wivu.)

Si kwamba hawaijui kazi. Mmoja wao akieleza jinsi kiungo mkabaji anavyoziba nafasi, hata mteja aliyekuja kupunguziwa suruali husahau haraka yake. Tatizo ni mwenzake, ambaye humkatiza kwa kelele kabla hoja haijaisha.

Naomba mnishauri: je, nimwandikie barua mhariri wa michezo, nipige simu kipindi kikiwa hewani, au kuna kipindi kingine kinachosikika hapa jioni, chenye mchambuzi anayefika uwanjani mwenyewe? Aliyewahi kuandika akajibiwa, tafadhali anieleze alivyoanza.