Benki za kanda yetu, acheni kumkopesha mkulima wa kahawa kama mtumishi wa mshahara!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa malalamiko, na nalalamika kwa namba ili asije mtu wa benki hapa akasema watu wa Moshi na Arusha hatusomi mikataba.

Anza na ratiba ya marejesho. Kahawa ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Kibosho mpaka Rombo, huvunwa kati ya Julai na Desemba. Mkulima anamenya, anaosha, anaanika, anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Anapata malipo ya awali, na malipo ya pili anayasubiri mpaka kahawa iuzwe mnadani. Gharama zake ziko mwanzoni: mbolea, vibarua, dawa ya magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Benki inampa mkopo Machi, na Aprili inataka rejesho la kwanza, kiasi kilekile kila mwezi. Aprili tunda bado bichi mtini! Atalipa na nini? Anauza ng'ombe au anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ili alipe benki. Akishindwa, siku 90 bila kulipa zinatimia mavuno ndiyo kwanza yanaanza, na jina lake limeshaingia kwenye mikopo chechefu, yaani isiyolipika. Halafu mnasema wakulima hawakopesheki. Ratiba mliiandika wenyewe!

Wenye kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani ni vilevile. Aprili na Mei ni masika, wageni wachache, lakini rejesho halijui masika.

Sasa riba. Tuseme mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni, Moshi, anachukua milioni 12 kwa miezi 12, anaambiwa "asilimia moja na nusu tu kwa mwezi". Kama ni flati, anatozwa 180,000 kila mwezi juu ya milioni 12 zote, hata mwezi wa kumi na mbili ambapo deni lililobaki ni milioni 1. Rejesho ni 1,180,000, riba yote 2,160,000. Asilimia hiyohiyo ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 1,100,000 na riba yote kama milioni 1.2. Tofauti inakaribia milioni moja nzima! Kwa hesabu ya salio, hiyo flati ni karibu asilimia 32 kwa mwaka, si 18. Ongeza ada ya mkopo, tuseme asilimia 2, na bima asilimia 1: anaondoka na 11,640,000 mkononi huku analipia riba milioni 12. Na wakala wa hiyo bima mara nyingi ni benki yenyewe au kampuni dada, kwa hiyo kamisheni inabaki nyumbani kwao.

Kwa nini wanafanya hivi? Jibu liko kwenye mtaji, yaani pesa za wenye benki wenyewe, si amana za wateja. Kanuni za Benki Kuu zinataka mtaji wote wa benki usipungue asilimia 12 ya mali zake (mikopo na uwekezaji) zikishapimwa kwa uzito wa hatari, yaani kila mali inahesabiwa kwa kadiri inavyoweza kuleta hasara. Mkopo wa biashara kwa kawaida una uzito wa asilimia 100. Hatifungani ya serikali, yaani benki kuikopesha serikali, uzito wake ni sifuri. Ukikopesha bilioni 1 kwa wafanyabiashara wa soko la Kilombero, Arusha, au Kiborloni, Moshi, milioni 120 za mtaji zinafungwa. Ukinunua hatifungani za bilioni 1, kwenye hesabu hiyo haifungwi hata senti. Basi amana za wauza ndizi na mitumba zinakwenda kwenye hatifungani, kinachobaki wanapewa watumishi ambao makato yao yanachukuliwa kabla mshahara haujafika mkononi. Sisi wengine tunaambiwa tulete hati ya nyumba.

Najua mtaji si jambo la mzaha. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, na Meru Community Bank ya hapa Arusha ilikuwamo. Kinga ya amana, yaani kiwango cha juu cha fidia benki ikifungwa, wakati ule ilikuwa milioni 1.5 kwa mwenye akaunti. Kwa hiyo simwambii mtu akopeshe ovyo. Ninachosema ni kwamba faida ikibakizwa ndani inakuwa mtaji, na bilioni 1 ya mtaji kwa kipimo hicho cha asilimia 12 inabeba mikopo ya zaidi ya bilioni 8. Mkiipeleka yote kama gawio kwa kampuni mama, au mkaizika kwenye tawi la vioo mji ambao hamna hata afisa mikopo anayeujua, hiyo mikopo ya bilioni 8 mmeiua. Benki haikui kwa idadi ya matawi wakati faili la milioni 5 bado linasubiri kamati ya makao makuu wiki sita, msimu wa mbolea ukipita.

Tunachotaka kinafanyika. Mkulima alipe riba tu mpaka mavuno, deni lenyewe alilipe kuanzia Novemba pesa za AMCOS zinapoingia. Riba ihesabiwe kwenye salio, na gharama yote iandikwe kwa shilingi ukurasa wa kwanza wa mkataba. Meneja wa tawi apewe mamlaka ya kuidhinisha mikopo midogo mwenyewe.

Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwenye amana ya lazima (sehemu ya amana ambayo benki hutakiwa kuiweka Benki Kuu) kwa benki itakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Maafisa mikopo mliomo humu, jibuni hili moja: nafuu hiyo mnaitumia kwa mkulima gani wa Kilimanjaro, na kwa riba gani?