Naomba ushauri: besi inamezwa na kelele za barabara

Habari zenu wapendwa. Nachanganya nyimbo za kwaya yetu, yaani kusawazisha sauti za ala na waimbaji zilizorekodiwa, nyumbani Donholm, Nairobi, dirisha likitazama Barabara ya Outer Ring. Mchana matatu zikinguruma, gitaa la besi linamezwa kabisa, kayamba tu ndiyo inasikika vizuri. Basi napandisha besi. Usiku wa manane nikisikiliza kazi ileile, besi inatikisa vikombe kabatini na sauti ya soprano imefunikwa.

Najua kelele haifuniki sauti zote sawasawa. Muungurumo mzito hufunika zaidi sauti za masafa (kasi ya mtetemo, yaani uzito au wembamba wa sauti) ya karibu nao na zilizo juu yake kuliko zilizo chini. Tena sauti ikishavuka kelele kidogo tu, ukubwa wake masikioni hupanda kwa kasi. Kwa hiyo desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) zilezile mchana na usiku si kitu kimoja. Kuongeza sauti yote naogopa. Desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huweza kuharibu masikio.

Pazia zito nimejaribu, muungurumo unapita tu. Hedifoni za kufunika masikio zitatosha, au nisubiri usiku? Waimbaji wanaitaka kazi Jumapili, na wamejitolea mno.