Umoja wa North Street (na waliohamia mji jirani wa Winooski)

Jumatano, 1 Machi 2023

19:04 Mama Neema: Jamani habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho, msipite juu juu. Jumanne tarehe 7 ni kura ya mji hapa Burlington, Vermont. Kuna swali la bodi ya kusimamia polisi, na kuna swali la wasio raia kupiga kura za mji. Jumamosi saa tisa alasiri tukutane kwangu tueleweshane kwa Kiswahili. Jumanne tunahitaji gari la kubeba wazee na kina mama wenye watoto. Aliye tayari aandike jina.
1. Mama Neema
2.

19:38 Mama Neema: Tiki za bluu naziona lakini

19:40 Shukuru: 2. Kama kuna pilau

19:41 Mama Neema: Shukuru.

19:41 Shukuru: Sitanii mama. Mtu haelewi katiba ya mji na njaa

20:15 Mama Dorika: Dagaa wa Kigoma wamefika. Mawese pia yapo, ya kwanza kukamuliwa. Njoo inboksi, mzigo ni mdogo

20:16 Shukuru: 2. Dagaa

20:16 Da Riziki: 😂😂😂 nihifadhie pakiti mbili

20:19 Mama Neema: Orodha yangu imekuwa ya dagaa. Sawa.

22:52 Baba Amani: Ndiyo natoka kazini. Hilo la polisi si lilishapita 2020? Kila mwaka bodi bodi.

22:58 Mama Neema: Baba Amani shikamoo ya usiku. Hapana, ni hivi. Mwaka 2020 yalikuwa mawili, watu wanayachanganya. Juni, baraza la mji lilipiga kura kupunguza polisi kutoka 105 hadi 74. Hawakufukuza mtu, anayeondoka tu asizibwe nafasi. Desemba likapitisha hii ya bodi, meya Weinberger akaipiga kura ya turufu, ikafia hapo. Safari hii wananchi wenyewe wamekusanya saini, ndiyo maana imefika kwenye karatasi ya kura.

23:01 Mama Neema: Kwa sasa askari akikosea, mkuu wa polisi ndiye anayeamua adhabu. Ile kamisheni ya polisi ya watu saba inayoteuliwa na baraza inakaa, inasoma malalamiko, inashauri. Bodi mpya ingechunguza yenyewe na kuadhibu yenyewe, hata kufukuza kazi.

23:03 Baba Amani: Hata mkuu mwenyewe?

23:03 Mama Neema: Hata mkuu.

23:09 Baba Amani: Hapo ndipo nisipopapenda.

Alhamisi, 2 Machi

06:20 Mama Bene: Miye niko nauliza tu. Ile bodi, ni banani batakuwa ndani? Na tukibanyima bapolisi nguvu, usiku mwizi akikuya nitaita nani, Shukuru?

06:44 Shukuru: Mimi mwenyewe baiskeli yangu imeenda Mama Bene. Nimefungia nje ya duka, nanunua maziwa tu, narudi nakuta gurudumu la mbele limebaki peke yake, limefungwa vizuri kabisa na kufuli yangu ya dola 40

06:45 Shukuru: Kufuli nzima. Haina hata mkwaruzo

06:51 Mama Dorika: Jamani 😂 pole

06:58 Da Riziki: Na ulipiga simu?

07:02 Shukuru: Nipige niseme nini? Gurudumu lipo?

07:10 Baba Amani: Hayo ndiyo nasema. 105 kwenda 74 halafu tunashangaa baiskeli.

07:15 Mama Neema: Baba Amani, idadi ya polisi ni jambo jingine na nani anawasimamia ni jambo jingine. Tusitie chumvi kwenye chai.

07:21 Da Riziki: Mimi nasema langu kisha nakwenda kazini. Mji wa kwanza tuliofikia, kabla ya kuja Vermont, askari waligonga mlango saa nne usiku. Jirani alilalamika kelele, tulikuwa na maombi. Mimi Kiingereza sina, marehemu hana. Aliyetafsiri ni Esta, miaka tisa, amevaa gauni la kulalia. Askari anauliza, mtoto anamtazama baba yake kwanza, ndipo anajibu. Hatukupigwa, hatukukamatwa. Lakini mpaka leo Esta akisikia hodi usiku anasimama mlangoni kabla yetu. Hakuna bodi inayopokea lalamiko la namna hiyo, maana ukiulizwa kosa la askari ni lipi hulioni.

07:22 Da Riziki: Nimekwenda

07:40 Mama Neema: Pole dada. Hiyo hukuwahi kutuambia.

12:13 Mama Neema: Turudi kwenye gari. Baba Amani ana viti saba.

12:15 Mama Neema: Baba Amani?

15:30 Baba Amani: Mama Neema mimi sitaki kurudia ya ile safari ya Manchester.

15:31 Mama Neema: Manchester ilikuwa msiba.

15:33 Baba Amani: Msiba nilikuwepo. Wa kujaza tenki hakuwepo. Na ile michango ya mafuta uliyoandika kwenye daftari, daftari liko wapi?

15:34 Shukuru: Ndugu zangu tunaunda bodi ya kusimamia polisi, hatujaunda ya kusimamia daftari

15:34 Mama Neema: *Ujumbe huu umefutwa*

15:36 Mama Dorika: Tumeshauona

15:50 Mama Neema: Nimeandika kwa hasira, mnisamehe. Ila nilikaa na mwili wa shemeji yako siku mbili, na hilo halimo kwenye daftari.

16:05 Mama Bene: Yesu. Basi mukuye kimya sasa.

Ijumaa, 3 Machi

18:30 Mzee Yohana: 🎤 3:47

18:52 Bahati: Shikamooni wote. Babu ametuma sauti, nawaandikia mlio kazini. Mwenyewe hawezi kupiga kura, uraia bado, ila amesema nisipunguze neno:

"Nimesikia yote. Kule kambini Nyarugusu tulikuwa na sungusungu. Walikuwa watoto wetu, si wageni, lugha yetu, kanisa letu. Na ndio walionivunja huu mkono. Nikaenda kushtaki kwa kiongozi wa zoni. Kumbe kiongozi alimwoa dada wa mkubwa wa sungusungu. Akanipa chai, akaniambia mzee samehe. Nikanywa chai. Sasa nyinyi mnauliza bodi ni nzuri au mbaya. Mimi nauliza ni nani atakuwa shemeji wa nani. Mkuu wa polisi anapohukumu askari wake, huyo ni shemeji. Bodi nayo ikikaa na watu wasiowahi kufika North Street, itakuwa na mashemeji zake pia. Mwenye kura aende akapige, asinifuate mimi. Na Amani mwambieni baba yake kwamba tenki la gari nitajaza mimi."

18:53 Mama Dorika: 🙏🏾

18:53 Da Riziki: 🙏🏾🙏🏾

19:20 Shukuru: Babu tumekusikia.

21:47 Baba Amani: Mzee usijaze tenki. Tafadhali.

Jumapili, 5 Machi

14:02 Mama Neema: Taarifa. Jumamosi tulifika watano, na wawili ni wanangu. Tulisoma swali zima, Bahati anatafsiri. Mambo matatu muhimu: bodi ikipita Jumanne haianzi Jumatano. Ni badiliko la katiba ya mji, lazima liende Montpelier kwa bunge la jimbo na gavana. Pili, kama hukujiandikisha unaweza kujiandikisha pale pale kituoni siku hiyo hiyo. Tatu, safari hii ni raia tu. Swali lile jingine likipita na bunge likikubali, na wenye green card watapiga kura za mji.

14:10 Da Riziki: Sisi Winooski tulishaanza mwaka jana na green card zetu, tuulizeni utaalamu 💅🏾

14:11 Shukuru: Winooski mna maili moja na nusu ya mraba na mnajisifu

14:12 Da Riziki: Na baiskeli zetu ziko na magurudumu yote

14:20 Mama Bene: Miye niko raia tangu mwaka jana. Nitaenda. Lakini swali la bodi bado sijue. Babu amenichanganya.

14:22 Mama Neema: Hata mimi amenichanganya Mama Bene.

14:23 Mama Neema: Nilikuwa ndiyo moja kwa moja. Bado naelekea ndiyo.

14:40 Baba Amani: Mimi hapana. Kamisheni iliyopo iongezewe meno, basi. Mkuu asifukuzwe na watu wasiojua kazi ile.

14:41 Mama Neema: Sawa, hapana yako naiheshimu. Gari?

Jumatatu, 6 Machi

20:11 Mama Neema: Baba Amani, kesho. Waliojiandikisha kwenda ni Mama Bene, Mama Dorika na mama yake, Bahati, mimi. Babu anasema atakuja kukaa ndani ya gari tu. Vituo vinafungwa saa moja jioni.

21:35 Baba Amani: Natoka zamu saa nane. Nikifika nyumbani nitaona. Huenda kumi.

21:36 Mama Neema: Huenda au kumi?

21:50 Baba Amani: Na Mzee akae mbele.

21:51 Mama Neema: Atakaa mbele. Kumi?

22:30 Mama Neema: Baba Amani?

23:14 Baba wa Tumaini: Shalom familia, nilikuwa sijafungua simu wiki nzima. 3. Mimi na mke wangu. Hiyo Jumamosi ni saa ngapi? Na dagaa wamebaki?