Kijana mwenye kitimwendo anataka kupanga Ngamiani: nyumba irekebishweje?

Mdau wa Chuda
Wakuu, habari za leo. Kijana mtu mzima, miguu haina nguvu ila mikono iko sawa, anataka kuhama kwa wazazi akapange Ngamiani, Tanga. Nyumba ya Kiswahili, ina baraza mbele. Kutoka chini hadi kizingitini ni sentimita 36. Choo kiko uani, cha kuchuchumaa. Mwenye nyumba karidhia. Wazazi wanasema asiyeweza kuoga bila kushikwa hawezi kujitegemea. Tuanzie wapi?

Fundi Makorora
Anzeni na njia ya kupandia. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za urefu, kwa hiyo hapo mnahitaji mita 4 na sentimita 32. Wengi humwaga mita moja na nusu. Kiti kinapinduka kinyumenyume, au lazima asukumwe, na kusukumwa ndiko anakokukimbia. Msiielekeze barabarani, ilazeni sambamba na baraza, upana sentimita 100. Mlangoni acheni pahala bapa pa 150 kwa 150 ageuzie kiti.

Kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, la sivyo zege litapasuka masika yakifika. Zege liwe nene sentimita 10: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, limwagiliwe maji siku 7. Tafadhali msipige niru, yaani saruji laini ya kung'arishia juu; mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kwaruzeni kwa fagio gumu likiwa bichi. Upande wa wazi jengeni ukingo wa sentimita 10. Na chini, zege linapokutana na ardhi, pasibaki kijingazi: magurudumu madogo ya mbele hukwama hata kwenye sentimita 2.

Mlango upimwe ubao ukiwa wazi, ipatikane nafasi ya sentimita 80. Chooni wekeni kiti imara chenye tundu, kimo sawa na kitimwendo. Kuta za zamani za udongo na mawe hazishiki skrubu, kwa hiyo kishikio kisimikwe sakafuni kwa zege. Bomba liwe la mabati, inchi 1; chuma kitupu chumvi ya bahari itakila.

Bi Raskazone
Hoja ya wazazi ni nzito kuliko zege. Ed Roberts alipooza kuanzia shingoni, akilala ndani ya mashine ya kupumulia, na bado alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea kule Berkeley, Marekani, mwaka 1972. Walichodai ni kuamua wenyewe: nani awasaidie, saa ngapi, kwa namna gani.

Basi kijana mwenyewe amhoji msaidizi, amwandikie kazi na saa, amlipe kwa mkono wake. Msaidizi aliyeajiriwa na mama humtii mama. Namba ya siri ya pesa za simu abaki nayo yeye. Mchana ajiinue kwa mikono kila nusu saa, usiku akague makalio kwa kioo. Kidonda cha mgandamizo, kinachotokana na kukaa mkao mmoja muda mrefu, kinaweza kumlaza miezi.

Msaidizi wa Sheria
Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 19 inampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Wazazi wanashauri tu. Mkataba wa pango uwe kwa jina lake, utaje kila rekebisho, nani analipia, na kama akihama atabomoa au ataacha. Akitafuta mtaji, halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Amwone afisa maendeleo ya jamii wa kata.