Tupeane uzoefu: nyumba gani ya kwenye muvi umewahi "kuishi" bila kukanyaga mlango wake?

Kanda Nne (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Jana nimeshinda ndani na homa, wanangu wakaweka Home Alone, ile ya kwanza ya mwaka 1990, ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani anayewategea wezi mitego. Nimeshaiona si chini ya mara thelathini, na jana ndipo nilipogundua kuwa hadithi yenyewe siifuati tena. Naangalia nyumba. Najua simu iko wapi, jiko liko upande gani, ngazi ya kwenda darini inatokea wapi. Nyumba ya shemeji yangu niliyokwenda juzi Kange siijui hivyo.

Mara ya kwanza niliiona Ngamiani, Tanga, kwenye banda la mabati, kiingilio shilingi 50. Runinga imefungiwa kwenye kabati la mbao kama mwali, jenereta linaunguruma nje. Mwenye banda ndiye alikuwa mtafsiri, na Kiingereza chake kilikuwa sawa na changu, yaani hakikuwepo. Alituambia wazazi wa yule mtoto wamekwenda kuhiji. Nimekaa na hiyo miaka, kumbe watu wamekwenda Paris kula Krismasi.

Lakini kilichotushangaza si theluji. Ni kwamba jumba lote lile halina ukuta wala geti! Majani yanatoka barabarani mpaka mlangoni, hakuna hata michongoma. Pale bandani tulikubaliana kwamba wangekuwa na geti na ukuta wenye chupa juu, wale wezi wawili wasingesogea na sinema ingekwisha dakika ya kumi.

Na sisi tukaenda kutega. Nyumbani kwetu hakukuwa na ngazi ya kuning'inizia makopo ya rangi, kwa hiyo nikachukua sabuni ya mche, nikaikoroga kwenye ndoo, nikamwaga povu kwenye kizingiti na sakafu yote ya ukumbini. Aliyeingia ni mjomba, anatoka msikitini, kanzu nyeupe, mkononi kikapu cha vitumbua. Vitumbua vilifika ukutani kabla yake. Nilichapwa na watu watatu kwa zamu.

Haya, leteni zenu. Nyumba, mtaa, kijiji, chochote. Masharti: useme uliiona ukiwa wapi, na ilikufanya nini.

Mhamiaji wa Ziwa

Mkuu, hiyo ya kwako nimeiona kwa macho. Niko kaskazini mwa Chicago. Nyumba iko mji unaoitwa Winnetka, mwendo wa treni tu. Mwaka wa kwanza nimefika, Disemba, nikampa rafiki hela ya mafuta anipeleke. Tukasimama ng'ambo ya barabara kama wezi wenyewe. Matofali mekundu, madirisha meupe, na kweli hakuna geti. Nilipiga picha moja nikaona haya, watu wanaishi.

Sasa nikuharibie siku. Vyumba vingi vya ndani unavyovijua havimo mle. Walivijenga kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa. Ile nyumba ya jirani iliyojaa maji kule chini, waliipiga kwenye bwawa la kuogelea la hiyohiyo shule. Nyumba ya juu ya mti nayo iliwekwa kwa ajili ya filamu, kisha ikang'olewa.

Kanda Nne

Mhamiaji wa Ziwa, kwa hiyo nimechapwa na watu watatu kwa ajili ya ukumbi wa shule?

Bi Mkubwa wa Vikokotoni

Nyie mnazungumza mabanda, sisi wengine ni wa kabla ya mabanda. Mwaka ilipoingia Sholay, ile ya Kihindi, nilikuwa nimehamia Dar kwa baba mdogo kusoma. Alikuwa na Peugeot 404, tukapakizwa watoto sita nyuma, twende Drive-In kule njia ya Msasani, ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Unaegesha gari, unachukua spika yao unaitundika dirishani, hapo tena birika la chai na sambusa zinazunguka.

Jioni ile alikuwepo na shangazi yangu. Mumewe alifariki, ndio kwanza katoka eda, na ile ndiyo safari yake ya kwanza ya kutoka nje. Wakubwa walibishana kama yafaa. Baba mdogo akasema mwacheni akapunge upepo.

Wengi wakitajiwa Sholay wanakumbuka Gabbar yule jambazi na yale majabali. Mie nakumbuka nyumba ya Thakur usiku. Kuna yule mkwe mjane, kavaa nyeupe, kazi yake kila usiku kuzima taa barazani, moja baada ya moja. Ng'ambo ya ua kakaa Amitabh kwenye nyumba ya wageni anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Taa inazimwa, anahamia nyingine, inazimwa. Basi.

Ndani ya gari kimya, hata watoto. Nikageuka kumtazama shangazi, kaishika kanga yake hapa kifuani, kauma ncha. Tuliporudi nyumbani yeye ndiye aliyezima taa zote usiku ule, na halikuwa jukumu lake. Akaolewa tena mwaka uliofuata, alhamdulillah, na mtu mwenye maneno mengi kuliko Amitabh.

Baadaye nikaja kusoma kuwa kile kijiji chote kilijengwa kwa ajili ya filamu, kule Ramanagara karibu na Bangalore. Hainihusu. Ile nyumba ipo.

Fundi Bomba Tandale

Bi Mkubwa umeniliza asubuhi na mimi niko juu ya mtaro.

Mimi ni Parasite, ile ya Kikorea ya 2019 iliyochukua Oscar ya filamu bora. Niliwekewa na kijana wangu kwenye simu. Watu wote wanasifia lile jumba la tajiri, kioo kikubwa na bustani. Mimi macho yalikwenda chooni kwa wale maskini. Wanaishi nusu chini ya ardhi, dirisha liko usawa wa miguu ya wapita njia, na choo kimepandishwa juu kama kiti cha mfalme, ukikaa kichwa kinagusa dari. Kijana akacheka. Nikamwambia usicheke, huyo fundi aliyeweka hivyo anajua kazi. Bomba la maji taka la barabarani liko juu kuliko sakafu yao. Ukiweka choo chini, uchafu hautoki, unarudi. Ndiyo maana kimepandishwa, angalau mteremko upatikane.

Nikamwambia tena: mvua ikinyesha hapo utaniambia. Haikupita muda ikanyesha. Maji yakashuka ngazi hadi ngazi kutoka kwa matajiri mpaka kwao, choo kikaanza kutapika, yule binti akafunga mfuniko akaukalia, akawasha sigara. Nimekuwa kwenye hiyo hali, bila sigara. Nyumba niliyopanga kwanza mjini ilikuwa bondeni, mwenye nyumba alijua na hakusema. Nilihama na godoro kichwani saa tisa usiku.

Kesho yake yule mama tajiri yuko kwenye gari anasifia mvua kwamba imesafisha hewa. Hapo nilisimamisha simu nikaenda kunywa maji.

Profesa wa Kijiweni

Fundi, nyongeza kidogo. Vile vyumba Korea vinaitwa banjiha. Vilianza miaka ya 1970, serikali ilipoagiza majengo yawe na chumba cha chini cha kujificha ikitokea vita na Korea Kaskazini. Havikuwa vyumba vya kupangisha. Miji ilipojaa watu wakavipangisha, na baadaye sheria ikaruhusu.

Halafu lile jumba la tajiri halipo popote. Mtaa wa maskini ulijengwa ndani ya bwawa maalumu ili waujaze maji. Jumba kwa nje walijenga sehemu ya chini na bustani tu. Ghorofa ya juu unayoiona ukiwa nje ni kazi ya kompyuta.

Kanda Nne

Ngoja. Jumba lile halina ghorofa ya juu?

Profesa wa Kijiweni

Lina ngazi. Kwingine ni kompyuta.

Shemeji wa Mvita

Nyumba ya Raichand, Kabhi Khushi Kabhie Gham, 2001. Hapa Mombasa hakuna nyumba yenye wanawake ambayo kanda yake haikukatika. Shah Rukh anashuka kwenye helikopta, mama kule ndani kashasikia kwa moyo kwamba mtoto kaja, anakwenda mlangoni na sinia la maombi, na jumba nyuma yake mnara juu ya mnara. Inaambiwa ni Delhi.

Mke wangu aliapa tukijaliwa tutakwenda Delhi kuiona. Tukajaliwa kwenda Uingereza kwa ndugu yake, Milton Keynes. Jumapili moja yule ndugu akatuambia twendeni matembezi, akatupeleka sehemu yaitwa Waddesdon Manor. Tunapinda kona, mke wangu akaniminya mkono hadi leo nina alama. Delhi ilikuwa Buckinghamshire! Ni jumba alilojijengea tajiri wa ukoo wa Rothschild karne ya 19 kwa mtindo wa Kifaransa, aalike wageni wikendi. Nikaamriwa nirudi mpaka chini kabisa ya bustani, nije mbio mikono wazi. Nina kitambi. Wazee wa Kizungu wako kwenye benchi wananitazama. Nikaja mbio.

Mshika Maiki

Nyie mnatembelea za wenzenu, mimi nimelala ndani ya za kwetu. Nimefanya kazi ya kushika maiki kwenye Bongo muvi miaka minne. Mnaijua ile nyumba: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia polepole kuliko msiba, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka kwenye mlango wa vioo, ndipo maongezi yanaanza. Dakika nne zimekwenda. Ilikuwa Mbezi Beach, na tajiri wa kila muvi aliishi humohumo. Ukiangalia vizuri pazia la dhahabu lina doa la chai upande wa kulia. Niliwahi kuona hilo doa kwenye muvi tatu zenye familia tatu tofauti.

Tulikodi kwa siku, na mwenye nyumba alitoa masharti: sofa ni la kukalia kamera ikiwaka tu. "Kata!" ikitamkwa, bilionea anainuka haraka anakuja kukaa nasi kwenye ndoo, malapa miguuni, anakula chipsi kwenye mfuko. Siku moja mtoto wa mwenye nyumba karudi shule, kapitiliza chumbani, kamkuta mzee mmoja mwigizaji kalala kitandani kwa baba yake na dripu mkononi, watu wanalia pembeni. Mtoto akaweka begi chini na yeye akaanza kulia. Mwongozaji akasema endeleeni, endeleeni.

Wa Kwa Ngong

Kenya lazima tutaje Out of Africa, 1985. Tulipelekwa na shule kwenye jumba la Karen Blixen, Nairobi, yule mwandishi wa Denmark ambaye filamu inasimulia maisha yake. Nyumba ya mawe ya 1912, Denmark iliwapa Wakenya baada ya uhuru, na mwaka 1986 ikawa makumbusho. Tuko darasa la saba, tunataka tu kujua Robert Redford alilala wapi. Kumbe filamu haikupigwa pale, walitumia nyumba ya Mbagathi hapo karibu, alikoishi huyo mama mwanzo. Milima ya Ngong ni ileile lakini, ukisimama nyuma ya nyumba utaiona.

Kinachonisumbua: nimeitazama ile filamu mara nyingi, najua sahani zake, vitabu vyake, na ile saa. Nyumba za Wakikuyu waliochuma kahawa yake nimeziona kwa mbali tu, kama sehemu ya mandhari. Nyanya yangu alizaliwa kwenye moja ya zile za kwa mbali, shamba lingine. Ningependa kamera ingeingia humo dakika mbili.

Baharia Mstaafu

The Gods Must Be Crazy, Kalahari. Hakuna nyumba, hakuna mlango, mchanga tu, watu wanaishi kwa raha mpaka chupa ya soda iliposhuka toka kwenye ndege. Mimi nina nyumba mbili za urithi na kesi tatu. Sina la zaidi.

Mjukuu wa Darajani

Niko Muscat mwaka wa tisa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, filamu ya Zanzibar kutoka kitabu cha Shafi Adam Shafi. Watu waliniuliza Yasmin na Denge waliishia vipi, sikuweza kujibu. Nilikuwa natazama kuta. Chokaa iliyobanduka, ile rangi inayobaki chini yake. Hapa kuta zote nyeupe na mpya. Nimeirudia sehemu za vichochoroni mpaka naijua kona ipi ina baraza.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni

Rudi nyumbani mwanangu, kuta zinakungoja na zinadai kupakwa.

Kanda Nne

Wakuu, nimesoma zote na homa imepungua. Sasa niwaungamie. Yule mjomba wa vitumbua amejenga Korogwe. Mwaka 2013 alinipigia nimpe mawazo ya ramani, na mimi, bila kusema imetoka wapi, nikamwambia weka ngazi pana katikati ya ukumbi, mtu akifungua mlango aione. Fundi akaweka. Ngazi nzuri, kumi na saba, terazo. Hela ikaishia kwenye slebu. Nondo zimesimama juu mpaka leo. Unafungua mlango, unaiona ngazi, unapanda, unatokea kwenye jua. Shangazi anaanikia mihogo huko.

Mjomba kila nikienda ananiuliza kwa nini nilisisitiza sana ile ngazi. Profesa aliposema jumba la Korea nalo lina ngazi tu, nikampigia kumweleza. Akauliza filamu ilishinda? Nikamwambia Oscar nne. Akasema, "Basi mwambie mzungu wenu aje achukue na mihogo."

Fundi Bomba Tandale

Si mzungu, ni Mkorea. Na siku mkipandisha hiyo ghorofa mnitafute kabla ya kumwaga zege. Msije mkaweka choo juu ya ngazi.